Ujira wa Mchunguzi wa Vijidudu

Wahenga walisema kwamba chanda chema huvikwa pete. Maana ya methali hii si ngumu: atendaye vema hustahili tunzo, na tunzo hupaswa kulingana na kitendo. Lakini methali haisemi kama pete hiyo ni ya dhahabu ama ya shaba, wala haisemi ni nani aliye na haki ya kuichagua. Katika kazi nyingi za wanadamu jambo hili halina udhia mkubwa, kwa kuwa kazi yenyewe huonekana kwa macho. Seremala hulipwa kwa mlango, mvuvi kwa samaki, mkulima kwa gunia la mahindi. Iko kazi moja, hata hivyo, ambayo mazao yake hayaonekani. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa vijidudu, mtu ashindaye ameinama juu ya hadubini akitafuta viumbe vidogo mno ambavyo jicho tupu haliwezi kuviona. Tunda bora la kazi yake ni ugonjwa ambao haukutokea. Ni nani awezaye kukitia katika mizani kitu ambacho hakikutokea?

Kwa kuwa mazao ya kazi hii ni vigumu kupimwa, wenye kulipa wamezoea kupima vitu vingine. Historia ya mishahara ya watu hawa yaonyesha kwamba maswali mawili yametangulia mengine yote. La kwanza ni hili: Ametoka wapi? La pili ni hili: Anafanya kazi wapi? Swali la tatu, ambalo mtu wa kawaida angelidhani ni la kwanza, yaani amefanya nini, mara nyingi limesimama mlangoni likisubiri zamu yake. Maswali haya yaligongana waziwazi katika Afrika ya Mashariki, penye kituo kimoja cha uchunguzi kando ya ziwa, huko Entebbe. Lakini kabla ya kufika Entebbe yafaa kutazama jinsi kazi hii ilivyopata mshahara, kwa maana hapo mwanzo haikuwa na mshahara hata kidogo.

Mtu wa kwanza kuwaona bakteria, Antonie van Leeuwenhoek wa mji wa Delft katika Uholanzi, alikuwa mwuza nguo. Tangu mwaka 1660 alikuwa pia na kazi katika jumba la mji, akitunza chumba cha mkutano cha wakuu wa mji. Mji wa Delft ulimlipa kwa kutunza chumba. Kwa kuufungulia ulimwengu mlango wa viumbe visivyoonekana, mji haukumlipa kitu. Alitengeneza lenzi zake mwenyewe kwa mikono yake, akaandika barua kwa wataalamu wa London, akafa mwaka 1723 akiwa na sifa kubwa. Elimu ya vijidudu ilizaliwa kama kazi ya jioni, baada ya duka kufungwa.

Miaka mia mbili ilipita hivyo. Robert Koch, ambaye Wajerumani humhesabu kuwa mmoja wa waasisi wa elimu hii, alikuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo umo katika Polandi. Alilipwa kwa kuwatazama wagonjwa wa wilaya. Uchunguzi wake wa kimeta, ambao aliutangaza mwaka 1876, aliufanya nyumbani kwake katika saa alizoziiba kutoka usingizini. Serikali ilimwita Berlin mwaka 1880 na kumpa nafasi katika Ofisi ya Afya ya Dola, na mwezi wa Machi mwaka 1882 alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Huko Ufaransa Bunge lilikuwa limemkatia Louis Pasteur malipo ya maisha ya faranga 12,000 kwa mwaka, tangu mwaka 1874, na mwaka 1883 yakapandishwa kuwa faranga 25,000. Ndipo serikali za Ulaya zilipoanza kukiri kwamba mtu anaweza kulishwa kwa kutazama vijidudu tu. Kazi ya jioni ikawa kazi ya mchana, nayo ikaingizwa katika vitabu vya hazina pamoja na kazi ya askari, hakimu na mtoza kodi.

Ilipoingia katika vitabu vya hazina, kazi hii iliingia pia katika meli za dola. Koch mwenyewe alifika Dar es Salaam mwaka 1897, akarudi katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani mwaka 1905, akachunguza homa ya papasi. Watu wa njia za misafara walikuwa wamekwisha kujua kwamba kulala katika kibanda chenye papasi ni kujiletea homa. Koch alikitafuta kijidudu chenyewe ndani ya papasi na mayai yake, akakiona. Katika miaka ya 1906 na 1907 alikuwa katika visiwa vya Ssese, ndani ya Ziwa Viktoria, akiwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa iitwayo atoksili. Dawa hiyo iliwapa wengine nafuu ya muda, na wengine ikawapofusha.

Malale ndiyo iliyoleta uchunguzi wa vijidudu katika Uganda. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 ugonjwa huu uliwaangamiza watu wengi mno wa kando ya ziwa, wanaokadiriwa kuwa kiasi cha robo milioni. Mwaka 1903 daktari wa jeshi la Kiingereza, David Bruce, alifika Entebbe. Alitaka kujua kama malale huenezwa na mbung'o, na kwa hiyo alihitaji nzi kutoka kila pembe ya nchi, ili aone kama mahali penye nzi ndipo penye ugonjwa. Hakuwa na watu wa kufanya kazi hiyo. Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, ndiye aliyepeleka amri kwa machifu, na watu wao wakakamata nzi wakawaleta pamoja na habari za mahali walipokamatwa. Nzi walipopangwa juu ya ramani, ukweli ulidhihiri. Bruce alilipwa mshahara wa ofisa wa jeshi, na jina lake limo hata katika jina la kijidudu chenyewe, ambacho wataalamu hukiita brucei. Waliokamata nzi hawakubaki katika vitabu kwa majina yao. Hapa lilichorwa umbo la kazi hii katika Afrika ya Mashariki: jicho lililotazama katika lenzi lilitoka mbali na lilikuwa na cheo, na mkono uliokusanya ulikuwa wa hapa na haukuwa na cheo.

Mwaka 1936 Shirika la Rockefeller la Marekani, pamoja na serikali ya Uganda, lilianzisha huko Entebbe Taasisi ya Uchunguzi wa Homa ya Manjano. Kazi ya taasisi hii ilikuwa kubwa kuliko jina lake. Mwaka 1937 ilipata kutoka katika damu ya mwanamke mmoja wa wilaya ya West Nile virusi ambavyo baadaye vilisambaa hata New York. Mwezi wa Aprili mwaka 1947, tumbili mmoja aliyewekwa kizimbani juu ya jukwaa katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, alipatwa na homa, na katika damu yake vikaonekana virusi vipya vilivyopewa jina la msitu ule. Mwezi wa Januari mwaka 1948 virusi hivyo hivyo vilipatikana katika mbu wa msitu. Ugonjwa uliozuka katika nyanda za Newala, kusini ya Tanganyika, katika miaka ya 1952 na 1953, nao ulichunguzwa, ukabaki na jina la Kimakonde, chikungunya, kwa vile ulivyowakunja wagonjwa viungo. Mwaka 1959 kutoka kaskazini ya Uganda likaja jina la o'nyong-nyong. Ni vituo vichache ulimwenguni vilivyoongeza majina mengi kiasi hicho katika daftari la maradhi.

Kazi hii haikufanywa na mtu mmoja aliyeketi kitini. Ili kujua mbu gani huuma saa ngapi na kwa kimo gani cha mti, ilibidi watu wapande juu ya majukwaa ya msituni, wakae usiku na mchana kwa zamu, wangoje mbu watue juu ya ngozi zao, kisha wawakamate kabla hawajauma. Chambo alikuwa mtu mwenyewe. Wengine walitunza wanyama, wengine walipaka damu juu ya vioo, wengine waliwatenganisha mbu kwa aina zao. Ujuzi wa kumtambua mbu mmoja katikati ya mamia si mdogo, wala haupatikani kwa siku moja. Mshahara wa mkono huu na mshahara wa jicho lile ulipangwaje?

Ajabu ya tarehe ni kwamba katika miaka ile ile ya 1947 na 1948, wakati virusi vya Zika vilipokuwa vikitafutwa msituni, tume ya serikali iliyoongozwa na Sir Maurice Holmes ilikuwa ikizunguka katika Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja kuchunguza mishahara ya watumishi wa serikali. Zamani watumishi waligawanywa katika mafungu matatu, la Wazungu, la Wahindi na la Waafrika, na kila fungu lilikuwa na kipimo chake. Tayari mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza kwamba mshahara katika makoloni upaswe kufuata kazi na wala si rangi ya mtu. Tume ya Holmes ilikuja na kanuni iliyoitwa ya tatu kwa tano. Asiye Mzungu, hata akiwa na cheti kile kile na kazi ile ile, apewe sehemu tatu katika sehemu tano za mshahara wa Mzungu. Kama wa kwanza alipewa pauni 1,000 kwa mwaka, wa pili alipewa 600.

Hoja zilizotolewa hazikuwa tupu kabisa, na historia ya haki yapasa kuzisikiliza. Ilisemwa kwamba Mzungu yuko mbali na kwao, kwamba ana nyumba mbili za kutunza na watoto wa kusomesha ng'ambo, na kwamba kama halipwi kwa bei ya soko la Uingereza hatakuja. Haya ni kweli kwa kiasi chake. Lakini zilipokwisha kusemwa zote, hoja hizo zilieleza kwa nini mmoja aongezwe. Hazikueleza kwa nini mwingine apunguzwe. Tena kanuni haikumhesabu mwenye watoto ng'ambo na asiye nao. Ilihesabu asili. Kijana aliyesoma uganga katika Makerere, ambayo ilianza kufundisha kazi hiyo katika miaka ya 1920, alijikuta akiwa na jina la msaidizi na mshahara wa sehemu tatu, ingawa kijidudu cha kuhara alichokiona katika kioo kilikuwa kizima, si sehemu tatu katika tano. Hata shahada ya uganga ya Makerere haikukubaliwa na baraza la madaktari la Uingereza mpaka mwaka 1957.

Malalamiko yalikuwa mengi, na mwaka 1953 ikaundwa tume nyingine chini ya Sir David Lidbury. Tume hii ilitazama pia watumishi wa Halmashauri Kuu ya Afrika ya Mashariki, ambao miongoni mwao walikuwamo wachunguzi wa Entebbe, kwa kuwa tangu mwaka 1950 taasisi yao ilikuwa imefanywa kuwa ya virusi vyote na ya nchi zote za Afrika ya Mashariki. Taarifa ya mwaka 1954 iliiondoa kanuni ya tatu kwa tano. Kuanzia hapo kila kazi ilikuwa na mshahara mmoja wa msingi, na yule aliyeletwa kutoka ng'ambo aliongezewa posho ya kumvutia. Kwa neno hili swali la rangi lilitoka katika kitabu cha mishahara, na swali la mahali likaingia. Waafrika wengi waliokuwa na elimu waliona kwamba mgeni yule yule ameingia kwa mlango mwingine, maana waliopata posho walikuwa karibu wote Wazungu. Hata hivyo yalikuwapo mabadiliko ya kweli. Jambo la msingi sasa lilikuwa sawa, na tofauti ilipaswa kujieleza kwa jina lake. Tofauti iliyo na jina huweza kuhojiwa, na siku moja huweza kuondolewa.

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, Uganda mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963. Tangu mwaka 1961 Uingereza ilianzisha mpango wa kuilipa yenyewe posho ya wageni waliobaki kazini. Basi juu ya meza moja ya maabara waliweza kuketi watu wawili wenye kazi moja, mmoja akilipwa na hazina moja na mwingine akilipwa na hazina mbili. Lakini uhuru ulileta jambo lingine ambalo watu wachache walilitazamia. Mwafrika aliyeshika kazi ya Mzungu sasa alishika na mshahara wake wa msingi, na mshahara huo ulikuwa umekatwa kwa kipimo cha maisha ya Uingereza. Alikuwa amedai kuwa sawa na mwenzake wa meza ya maabara, akapewa. Alipotoka nje ya maabara na kurudi kijijini kwao, aliona kwamba usawa ule umemweka mbali na ndugu yake mkulima kama ulivyomweka mbali Mzungu wa zamani.

Hili ndilo fumbo kubwa la historia hii, nalo lilimsumbua Julius Nyerere kuliko viongozi wengi wa wakati wake. Mwezi wa Oktoba mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kujenga taifa, alikubali lawama yao kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa kupita kiasi, akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa sehemu 20 katika 100. Wanafunzi nao wakarudishwa makwao. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha. Katika fikira hii mtaalamu hakuulizwa tena ametoka wapi kwa maana ya ng'ambo au hapa. Aliulizwa ametoka wapi kwa maana ya kijiji kilichomsomesha, na deni lake kwa kijiji hicho ni kiasi gani. Lilikuwa swali lenye heshima. Lakini nalo lilikuwa swali la asili, halikuwa swali la kazi, na mtaalamu ambaye angeweza kulipwa mara nyingi zaidi kwingineko alikuwa na njia ya kulijibu bila kusema neno, yaani kuondoka.

Wengi waliondoka. Katika Uganda, utawala wa Idi Amin tangu mwaka 1971 mpaka 1979 uliwafukuza au kuwatisha wasomi. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na taasisi ya Entebbe ikawa ya Uganda peke yake. Tanzania na Kenya zilianzisha taasisi zao za uchunguzi wa maradhi mwaka 1979. Katika miaka ya 1980 bei zilipanda, na mshahara wa serikali ukawa haumfikishi mtu mwisho wa mwezi. Mchunguzi wa vijidudu alifuga kuku, alilima, alifundisha jioni. Aliyekuwa na nafasi alikwenda kusini ya bara, Ulaya au Marekani. Kwa namna fulani historia ilirudi Delft: duka mchana, hadubini jioni. Fedha za uchunguzi zilipokuja tena, mara nyingi zilikuja kutoka ng'ambo pamoja na masharti yake, na katika miradi mingi kukawa na daftari mbili za mishahara, moja ya waajiriwa wa hapa na moja ya walioletwa. Kanuni ya tatu kwa tano ilikuwa imekufa kisheria. Kivuli chake kilikuwa hakijazikwa.

Marekani, nchi iliyotoa fedha za kwanza za Entebbe na kuwapokea wengi wa walioondoka, ilikuwa ikihangaika na swali la pili, lile la mahali pa kazi. Watumishi wa serikali yake kuu hupangwa katika madaraja 15, mpango uliowekwa na sheria ya mwaka 1949, na wataalamu wa vijidudu wamo ndani yake. Kwa muda mrefu daraja moja lilikuwa na mshahara mmoja nchi nzima, kutoka New York mpaka vijiji vya milimani. Sheria ya mwaka 1990 ilibadili jambo hilo, na tangu mwezi wa Januari mwaka 1994 kila eneo limepewa nyongeza yake juu ya mshahara wa msingi. Mwaka 2025 nyongeza ya eneo la Washington na Baltimore ilikuwa 33.94 katika 100, ya eneo la San Francisco 46.34, na ya sehemu zote zisizo na kipimo chao wenyewe 17.06.

Taasisi kuu za afya za serikali ya Marekani zimo Bethesda, kando ya Washington. Tawi lao moja limo Hamilton, mji mdogo wa milima ya Montana. Tawi hilo lina asili inayofanana na ya Entebbe. Lilianza kwa ajili ya homa moja ya bonde lile, ambayo Howard Ricketts alionyesha mwaka 1906 kwamba huenezwa na kupe, kama vile homa ya misafara ilivyoenezwa na papasi. Ricketts mwenyewe alikufa mwaka 1910 huko Meksiko kwa homa nyingine aliyokuwa akiichunguza. Hata leo maabara ya Hamilton hushughulika na vijidudu vya hatari kubwa kabisa. Wakiwapo wataalamu wawili wa daraja moja na ngazi moja, na mshahara wao wa msingi ukahesabiwa kuwa 100, basi kwa vipimo vya mwaka 2025 yule wa Bethesda alipata kiasi cha 134 na yule wa Hamilton 117. Kijidudu cha Hamilton hakikuwa kipole kuliko cha Bethesda.

Wengi hudhani kwamba nyongeza hii hufuata bei ya nyumba na chakula. Sivyo. Hufuata mishahara ambayo waajiri wengine wa eneo lile huwalipa watu wa kazi zinazofanana. Kwa hiyo palipo na waajiri wengi wanaomgombania mtaalamu, kama pande za Maryland na California, mshahara hupanda. Palipo na maabara moja tu bondeni, mtaalamu hana pa kwenda, nao mshahara hulala. Nje ya serikali ni soko tu liamualo. Mwezi wa Mei mwaka 2023 mshahara wa katikati wa wataalamu wa vijidudu Marekani nzima ulihesabiwa kuwa dola 85,470 kwa mwaka, maana yake nusu yao walipata zaidi na nusu walipata pungufu. Nambari hiyo moja huficha umbali mkubwa baina ya bonde na mji.

Mpango wa Marekani na ule wa Lidbury ni ndugu, lakini si pacha. Wa Marekani humwuliza mtu anafanya kazi wapi, naye akihamia mji mwingine jibu hubadilika. Wa Entebbe ulimwuliza mtu ametoka wapi, na jibu la swali hilo halibadiliki mpaka kaburini. Tofauti hii ni kubwa. Mahali pa kazi mtu huweza kupachagua, na bei ya soko huweza kupimwa na kila mwenye karatasi na kalamu. Asili haichaguliwi. Mshahara uliojengwa juu ya asili humwambia mtu kila mwisho wa mwezi kwamba hata afanye nini, kiasi fulani hakitakuwa chake.

Mwaka 2015 virusi vya Zika, ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa habari ya wataalamu wachache, viliibuka katika Brazili, na watoto wakazaliwa wenye vichwa vidogo. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya hatari kwa ulimwengu wote, na mwezi wa Septemba mwaka huo Bunge la Marekani lilitoa dola bilioni 1.1 za kupambana na ugonjwa huo. Wataalamu walipofungua vitabu kutafuta mwanzo wa adui huyu, walirudi kwenye jukwaa la msitu mdogo karibu na Entebbe, kwa tumbili mgonjwa na mbu waliokamatwa kwa mikono. Kazi iliyofanywa katika miaka ya 1947 na 1948 ilikuwa imesubiri karibu miaka 70 ili thamani yake ionekane. Ililipwa wakati ule kwa vipimo vilivyotazama asili ya mtenda kazi, na hakuna tume yoyote iwezayo sasa kuwarudishia wapanda majukwaa wale sehemu mbili walizopunjwa.

Hakuna hazina iwezayo kungoja miaka 70 ili ijue mshahara wa mwezi huu. Kwa hiyo vipimo vya kukadiria vitabakia, na nyongeza ya mahali, ikipimwa kwa uwazi, si dhuluma. Lakini historia ya Entebbe yaonya kwamba kipimo cha kukadiria husahau upesi kuwa ni cha kukadiria, kikajiona ndicho haki yenyewe. Kijidudu hakimwulizi mtu alikozaliwa kabla ya kumwingia, wala hakimwulizi mchunguzi wake kabla ya kuonekana katika lenzi. Mlipaji naye akitaka kuuliza, na aanze na swali la tatu, ambalo limesimama mlangoni muda mrefu: mtu huyu amefanya nini?